Mkono Ndani ya Gunia

Jumatatu, 1 Agosti 2022. Chake Chake

Nimeandika habari za watu wengine kwa miaka ishirini na sita na sikuwahi kuweka daftari la nyumbani kwetu. Naliweka sasa kwa sababu daktari anataka tarakimu, na katika ukoo wetu kila mtu ana maoni, mwenye tarakimu hakuna.

Yaliyothibitika ni haya. Kaka yangu Amur, umri miaka sitini na moja, alipata kiharusi Dar es Salaam tarehe 13 Julai, harusini, akiwa amekaa mbele ya sinia la pilau. Alifikishwa hospitali ndani ya saa mbili, akachomwa sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani. Kingemkuta nyumbani kwake Kengeja, muda huo ungeishia barabarani na bandarini. Maneno yamerudi. Mguu umerudi kwa msaada wa bakora. Mkono wa kulia haujarudi.

Mkono huo ndio kazi yake. Amur ni mkaguzi katika kituo cha kununulia karafuu. Wauzaji wanazijua hila zote: juu ya gunia huweka karafuu kavu inayolia ikitikiswa, chini huficha mbichi. Amur hatazami juu. Hutia mkono mpaka kiwiko, vidole vikamwambia.

Walipompima damu Dar walikuta sukari 17, na mafuta kupita kiasi. Hakuwa akijua kuwa ana kisukari. Daktari wa kule alisema waziwazi: sukari isiposhuka ikabaki chini, mkono utarudi nusu au hautarudi, na kiharusi cha pili hakitabisha hodi.

Daktari Wafa hapa Chake amempa vidonge na masharti. Kipimo kila wiki ya pili, Alhamisi asubuhi, kabla ya kula. Vipimo vinne vizuri mfululizo, ndipo ataandika barua ya kumruhusu kurudi kituoni. Amur hakuuliza kitu kingine ila hicho cha barua.

Alhamisi, 4 Agosti

Jana alasiri nilikwenda Kengeja kumchukua. Ndio utaratibu wetu: mimi nafanya kazi Chake wiki nzima, Jumatano nalala kwake, Alhamisi tunatoka alfajiri.

Sukari 7.9, bado juu; haimo katika vile vinne.

Kuna kipimo kingine, wanakiita sukari ya miezi mitatu, kinachoonyesha damu ilikuwaje muda wote huo, si asubuhi ya leo tu. Matano, fundi wa maabara, amesema kitendanishi chake, ile dawa ya kupimia, hakijafika. "Wiki ijayo," amesema. Neno hilo nimeliandika kwa wino mwekundu.

Mazoezi ya mkono: Daktari Wafa amemwagizia kitu anachokijua, kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vinavyoishika, kwa mkono wa kulia peke yake. Nilishika saa. Karafuu 9 kwa dakika kumi. Amur alizitazama zile tisa kama kitu alichotapika mtu mwingine.

Jumanne, 9 Agosti

Mvua ya ghafla. Kengeja waliwahi kuanua majamvi ya karafuu.

Jumatano, 17 Agosti. Kengeja

Wageni. Mgonjwa hapa ni mali ya kijiji. Wa chama hiki cha siasa wakija Jumatatu, wa chama kile hawalali mpaka wamekuja Jumanne, kwa kuwa mkaguzi wa karafuu ni mtu wa kila mtu. Hakuna anayekuja mikono mitupu.

Leo alikuwapo Bi Mwanabaraka, jirani wa nyumba ya pili, na kikapu cha halua.

"Bi Mwanabaraka," nikamwambia, "daktari amekataza."

"Daktari kakataza halua ya dukani. Hii nimepika mie."

"Sukari ni ileile, bibi."

"Mwanangu Thuraiya, nyie wa gazeti yote mwayajua. Basi na aiweke, anuse."

Wifi yangu Asya, mke wa Amur, alikipokea kikapu kwa adabu, akakitia kabatini, akafunga kwa ufunguo. Chakula cha usiku kilikuwa samaki wa kuchemsha, mchicha, na uji mwembamba usio na sukari. Amur alikula kidogo sana, hakulalamika.

Tangu walipooana sijapata kuwa rafiki wa Asya. Nilimwona mtu wa kuwapendeza watu. Leo nilimsifu mbele ya wageni, nikasema kama kila mgonjwa angekuwa na mke huyu, maabara zingefungwa. Aliinamisha kichwa.

Alhamisi, 18 Agosti

Sukari 6.1. Karafuu 16. Kitendanishi: wiki ijayo.

Alhamisi, 1 Septemba

Sukari 5.8. Karafuu 23.

Daktari Wafa alifurahi, akazichora tarakimu kwenye karatasi ya miraba, mstari unaoshuka. Nimempelekea nakala yule daktari wa Dar. Amejibu neno moja: vizuri.

Kitendanishi kimekwama, Matano hajui kimekwama wapi. Nilimwambia kazi yangu ni kujua vitu vimekwama wapi. Akaniambia basi niende nikakitafute.

Jumatano, 14 Septemba. Kengeja

Mambo matatu, nayaandika kama nilivyoyaona.

Jagi la maji la lita mbili pembeni mwa kitanda lilijazwa saa kumi alasiri. Kufika magharibi lilikuwa tupu.

Kidole gumba cha mguu wa kushoto kina kidonda, alijigonga katikati ya Agosti. Hakijafunga.

Amekuwa mkali. Nilipotoa saa kwa ajili ya mazoezi alisema, "Weye na saa yako. Wanionaje, mwanafunzi?"

Karafuu 22.

Alhamisi, 15 Septemba

Sukari 5.6. Ni kipimo kizuri cha tatu. Bado kimoja.

Nilimtajia Daktari Wafa kiu na kidonda. Alitazama karatasi yake, akanitazama mimi, akasema joto limezidi na vidonda vya miguuni ni vizito kupona. Alisema pia, "Naitaka sana ile ya miezi mitatu." Nikasema sote tunaitaka.

Jumanne, 20 Septemba

Nimepeleka habari tatu, zimechapwa mbili. Nimeota karafuu.

Jumatano, 28 Septemba. Kengeja

Karafuu 17. Nilirudia, labda nilikosea saa. Zikawa 15.

Kwa muda wa wiki nane tumefuata kila sharti na mkono unarudi nyuma. Nimekaa barazani na daftari, nikitafuta kosa. Samaki wa kuchemsha, tarehe hii. Mchicha, tarehe hii. Vidonge, asubuhi na jioni, Asya havikosi. Ningekuwa naandika habari hii, mhariri angenirudishia.

Alhamisi, 29 Septemba

Naandika saa nane mchana, maabara kwa Matano.

Alfajiri Asya alinigongea mlango. Amur alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati limeroa kwa jasho, mikono yote miwili inatetemeka. Nilimsalimia. Alijibu kitu kisichokuwa neno. Mdomo ulikuwa mzito kama ule wa Julai.

Asya alisema, "Cha pili hicho." Alilisema taratibu, kama mtu anayesoma.

Gari tulikuwa tumeliagiza tangu jana kwa ajili ya kipimo, kwa hiyo lilikuwa nje. Njia nzima nilihesabu dakika, kwa sababu ya ile sindano ya Dar, ingawa nilijua kuwa huku sindano hiyo hatunayo na hesabu yangu haikuwa na kazi. Dakika arobaini na saba. Asya alimshika kichwa na kusoma dua. Tulipofika Mtambile, Amur alifumba macho, akawa haitiki.

Maabara iko kabla ya kufika kwa daktari na mlango ulikuwa wazi. Matano alitoka akiwa na kimashine chake mkononi, akamchoma kidole Amur akiwa hajashuka garini. Akaisoma namba, akairudia kwa kidole kingine.

"Hiki si kiharusi," alisema. "Sukari imekwisha mwilini. Mbili nukta tatu. Jana kala nini?"

Nilitaja samaki na uji. Hakunisikiliza. Alikuwa ameshakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe, na alimpaka ufizini kwanza kwa kidole, kisha alipoanza kumeza akamnywesha.

Nilitazama saa. Dakika kumi na mbili. Kwanza jasho lilikauka. Kisha macho yalitulia, yakamtambua Asya, yakanitambua mimi, yakatua kwenye daftari lililokuwa magotini mwangu. Neno lake la kwanza lilikuwa safi kabisa.

"Hiyo usiiandike," alisema.

Daktari Wafa alikuja kwa miguu. Alimpima presha, akamwinua mikono, akamtekenya nyayo. Si kiharusi. Alipokwisha kumaliza, Matano alimnong'oneza kitu, na daktari akageuka kwangu.

"Kitendanishi kimefika juzi," alisema. "Mtoeni damu."

Ijumaa, 30 Septemba

Sukari ya miezi mitatu: asilimia 11.2. Mgonjwa aliyetulia hutakiwa awe chini ya saba. Mafuta nayo yako palepale pa Julai.

Nilimwambia Matano mashine yake mbovu. Haiwezekani mtu awe na 5.8, 5.6, tena 2.3, halafu jumla yake iwe sukari ya mtu asiyekunywa dawa.

Matano hakukasirika. Alijichoma kidole: 5.1. Akanichoma mimi: 6.4.

"Mashine nzima, dada Thuraiya. Na weye punguza ile chai ya maziwa." Akafuta mikono. "Kile cha asubuhi ni karafuu ya juu. Hichi cha leo kinatia mkono mpaka chini ya gunia. Namba zako si za uongo. Ni za Alhamisi tu."

Nilirudi nyumbani kwangu nimekereka. Nililifungua daftari. Kila ukurasa wa Kengeja umeandikwa Jumatano. Kila mmoja.

Jumatatu, 3 Oktoba. Kengeja

Nilikwenda bila kumwambia mtu. Nilifika saa nne asubuhi.

Uani karafuu zimeanikwa majamvi manne. Barazani wageni watano wa chama kimoja, wengine nawajua kwa sura. Katikati yao Amur, mwenye raha kuliko nilivyomwona tangu Julai. Kikapu cha halua kiko wazi mbele yake. Bi Mwanabaraka anamimina chai. Vijiko vitatu, niliviona vikiingia.

Asya alitokea jikoni na sahani ya mkate wa kumimina. Aliponiona alisimama.

"Wifi," alisema. "Umekuja leo? Leo si Jumatano."

Nilimrudisha jikoni. Nilimwuliza kwa utaratibu wa kazi yangu, swali moja moja.

"Jumatano huwa anakula nini?"

"Kile ukionacho."

"Na Jumanne?"

"Jumanne tangu adhuhuri hali. Maji, na uji mwembamba. Hivo hivo mpaka arudi kutoka Chake."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe. Kasema damu nayo hupelekwa safi mbele za watu, kama mtu aendavyo msikitini. Mie nikaona ni heshima kwa daktari."

"Na vidonge siku hizo?"

"Vidonge? Anakunywa vyote. Hilo wifi huwezi kunilaumu, sikukosa hata siku."

Hiyo ndiyo sababu ya yale ya Alhamisi iliyopita. Vidonge vya kushusha sukari, siku mbili, ndani ya tumbo tupu.

"Hukuniambia," nilisema.

Asya aliweka sahani chini. Sauti yake haikupanda. "Weye ulikuja Jumatano ukaona samaki wa kuchemsha, ukanisifu mbele za watu. Miaka ishirini na tisa hujapata kunisifu. Ulitaka nikukatize?"

Nilifunga daftari.

"Na hizo siku nyingine," akaendelea, "wataka nifanyeje? Mtu kaja kwa miguu kutoka Kisiwa Panza, kavuka maji, na kikapu mkononi. Mume wangu asile? Watasema ana kinyongo. Wa chama hiki watasema kala cha wale. Wale watasema kala cha hawa. Nikakaa na ufunguo. Ufunguo huo kila asubuhi anauomba mwenyewe."

Nilingoja wageni waondoke, nikakaa mbele ya Amur. Nilikuwa na hasira, nayo hunifanya niseme polepole.

"Kaka. Kwa nini?"

"Vipimo vinne," alisema. "Nilikuwa nimebakisha kimoja. Msimu wapita, Thuraiya. Wamemweka Silima pale kituoni, anatazama juu ya gunia kwa macho. Kwa macho."

"Ungekufa garini."

"Sikufa."

"Mkono umerudi nyuma. Ishirini na tatu, ishirini na mbili, kumi na tano."

Nikamwuliza swali ambalo nilikuwa nimelichonga tangu Ijumaa. "Mtu akikuletea gunia kavu juu, bichi chini, unamwitaje?"

Nilitarajia atasema mwizi. Alivitazama vidole vyake vya kulia muda mrefu.

"Simwiti kitu," alisema. "Namwambia akaanike tena."

Jumanne, 4 Oktoba

Nimemweleza Daktari Wafa. Aliichana ile karatasi yenye mstari unaoshuka, vipande vinne, kisha akavipanga mezani kama mtu aliyejuta. Amepunguza dozi ya kidonge kimoja. Barua hakuna. Kuanzia sasa Matano atampima siku asiyoijua mtu, saa yoyote, hata mimi nisiijue.

Niliwapelekea tarakimu safi madaktari wawili na nikajivunia usafi wake. Hiyo nayo iandikwe.

Jumamosi, 8 Oktoba

Maulidi. Vikapu kumi na kimoja kabla ya adhuhuri, amenisimulia Asya kwa simu. Ameviweka mezani barazani, vyote wazi, na kila mgeni anayekuja anapewa ale halua ya mgeni aliyetangulia. Wa chama kile wamekula ya wa chama hiki. Amesema, "Hakuna aliyeweza kukataa, wifi." Amur alikula kipande kimoja. Asya alikiona na amenitajia ukubwa wake.

Jumanne, 18 Oktoba

Matano alitokea Kengeja kwa pikipiki saa tano asubuhi bila taarifa. Mimi nilikuwapo kwa bahati. Amur alikuwa ametoka kunywa chai.

Alipoona kimashine alisema, "Leo sikujitayarisha."

"Ndio maana nimekuja leo, mzee wangu."

13.8. Matano aliitaja kwa sauti. Bi Mwanabaraka, ambaye hakosekani, alivuta pumzi. Nilishika kalamu nikamtazama kaka yangu. Alikuwa amegeukia majamvi.

"Andika," alisema.

Alhamisi, 3 Novemba

Bila taarifa: 11.0. Karafuu 18.

Mvua za vuli zimeanza kweli. Majamvi yanaingia na kutoka mara sita kwa siku. Asya amekonda.

Jumapili, 20 Novemba

9.6. Kidonda cha mguu kimefunga. Karafuu 24.

Wamegombana mchana kutwa kwa ajili ya embe moja. Nimesimama upande wa Asya, jambo ambalo Amur ameliita mapinduzi.

Jumatano, 7 Desemba

Mvua. 12.1, kwa kuwa kulikuwa na harusi. Hakuna aliyeficha. Nimekereka kama nilivyokereka tangu Agosti, ila sasa najua nakerekea nini.

Ijumaa, 23 Desemba

8.9. Karafuu 26.

Alhamisi, 5 Januari 2023

Sukari ya miezi mitatu, ya pili: asilimia 8.6. Mafuta yameshuka kidogo. Daktari Wafa hakuchora mstari. Alisema si nzuri, ni ya kweli, na kwamba barua haiandiki msimu huu. Karafuu 29. Kidole cha shahada na gumba vinakutana. Vitatu vilivyobaki bado havihisi joto wala baridi. Nimevijaribu kwa kikombe cha chai. Ukaguzi kwa mkono huo haupo, labda hautakuwapo.

Kutoka kwa daktari Amur alisema tupitie kituoni. Asya alikuwa ametangulia na magunia matatu, karafuu za mwisho za shamba lao, zilizoanikwa kati ya mvua na mvua. Mimi na Amur tulisimama foleni kama wauzaji wengine. Watu walimsalimia, wakampisha. Hakupita.

Zamu ilipofika, Silima alisimama kutoka kwenye kiti. Ni kijana wa miaka arobaini, mpole. Alifungua gunia la kwanza, akatikisa karafuu za juu kwenye kiganja. Zililia vizuri.

"Mzee Amur, zako hatuzikagui," alisema. "Tukukague weye uliyetufundisha? Pandisheni kwenye mizani."

"Ngoja," alisema Amur.

Aliegemeza bakora kwenye meza. Alitia mkono wa kulia, kwa mazoea, mpaka kiwiko. Akakaa hivyo. Mimi nilikuwa namtazama usoni, si mkononi. Hakukuwa na kitu usoni. Aliutoa, akazipangusa karafuu zilizonata. Kisha akatia wa kushoto.

Huo haukukawia.

"Mbichi," alisema.

"Juu kavu, Amur," alisema Asya kwa sauti ndogo. "Mvua haikunipa nafasi."

"Najua." Alifunga mdomo wa gunia kwa mkono mmoja, Asya akamshikia kamba. "Ya juu siiulizi mie. Silima, yarudishe yote matatu. Twende tukaanike tena."